Mwisho wa Pili wa Lori Jekundu

Baba yangu aliendesha malori kati ya Kasese na Butembo kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na kuhusu filamu alikuwa na imani moja tu: stelingi hafi. Stelingi akipigwa risasi, itampata begani. Akitumbukia mtoni, atatokea ng'ambo akiwa bado na kofia yake kichwani. Imani hiyo aliipata katika mabanda ya video ya Bwera na kule ng'ambo ya mpaka wa Kongo, ambako madereva walisubiri mizigo yao ikaguliwe huku mtafsiri akibwata kwenye kipaza sauti kwa Kiswahili cha watu wote. Kwa hiyo siku nilipomwambia kwamba stelingi wetu amekufa, amezama na lori lake, aligeuza uso upande wangu akakunja ndita.

"Rudisha nyuma," akasema. "Wewe natafsiri mbaya."

Sikuwa nimetafsiri vibaya. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe hakuweza kuhakikisha. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia ukungu mweupe. Aliona mwanga wa dirisha, aliona rangi kali ikipita mbele yake, basi. Nesi wa kituo cha afya alimmulika kwa tochi akasema huo ni mtoto wa jicho, unatolewa, si jambo la ajabu, na madaktari wa macho watakuja Kasese mwisho wa mwezi. Baba alimshukuru kwa adabu zote, akachukua fimbo yake, tukatoka. Tulipofika nje nikamwuliza twende lini kujiandikisha.

"Siendi," akasema.

Sababu yake niliijua, kila mtu wa ukoo wetu aliijua. Kaka yake, yaani baba yangu mkubwa anayeishi Bwera, alikuwa amepasuliwa jicho miaka ya nyuma. Jicho lake moja lilizimwa zamani na presha ya macho. Lile lililobaki likaingia mtoto wa jicho, akaenda kwa madaktari akiona kidogo, akarudi haoni kabisa. Habari hiyo tuliipokezana hivyo hivyo, fupi, kwenye misiba na harusi, na kila aliyeisikia aliguna na kutikisa kichwa. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Baba yangu hakuumwa, aliumwa kaka yake, lakini kushtuka alishtuka yeye.

"Ile filamu mimi nilishaona mwisho yake," aliniambia. "Sitaki kuona tena."

Mimi sina subira, na sijawahi kudai ninayo. Nauza vitenge sokoni Kasese, kazi inayotaka ulimi kuliko moyo, na mimi bintiye nilirudi kuishi na baba baada ya mama kufariki. Asubuhi nilimwacha na chai mezani, na mchana kutwa nikawa namwona kichwani akivuka barabara ya kwenda mpakani, ile inayopita malori bila huruma. Nilishamkuta siku moja amesimama katikati ya lami, fimbo hewani, dereva anampigia honi na kumtukana, naye baba anamrudishia matusi ya madereva wa zamani. Watu walicheka. Mimi niliogopa, na kwa kuwa nikiogopa huwa nakuwa mkali, nilimgombeza kila siku juu ya madaktari, naye kila siku akazidi kukaza shingo. Sikio la kufa halisikii dawa, nikamwambia. Akanijibu kwamba tunalozungumzia ni jicho, si sikio.

Tuliponea kwenye filamu. Rafiki yangu mmoja, mama mpishi katika nyumba ya wageni wapanda mlima kule Nyakalengija, alikuja kununua vitenge vya kwaya ya kanisa lao akiwa na boksi kichwani. Kule kwao wameweka intaneti, akasema, wageni hawataki tena diski, na bosi amesema zitupwe. Ananijua mimi: cha bure sikikatai. Zilikuwa diski orijino, zenye majalada yao na picha zao, si hizi zetu za kuchomwa kwenye kompyuta na kuandikwa kwa kalamu ya wino. Nikaifuta vumbi deki ya zamani ya baba, nikaiunganisha na televisheni.

Basi Jumapili, baada ya sala ya alasiri, nikawa mtafsiri wa banda la mtazamaji mmoja. Nilisoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha na kumwambia baba kwa Kiswahili nani anasema nini, nani anakimbia, nani ana sura ya wizi. Filamu ya kwanza ilikuwa ya dereva wa lori jekundu katika nchi ya milima. Mvua inabomoa kijiji, dereva anapakia watu wote nyuma, anateremka nao. Mbele kuna daraja bovu, ambalo mhandisi aliapa ni imara. Breki zinakataa. Anafanikiwa kuwashusha watu wote, kisha lori, daraja na yeye mwenyewe vinaingia mtoni. Mama yake anasimama ukingoni na shali lake. Muziki. Majina.

Hapo ndipo baba aliponiambia nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akafa tena.

"Ngoja," nikasema, maana nilikuwa nimerudi kwenye menyu na kuona kifungu kingine kimeandikwa kwamba kuna mwisho mwingine. Mtu wa nchi nyingine angeelewa mara moja. Lakini sisi huku filamu zimekuwa zikitujia vipande vipande: pati wani, ile ya kwanza, inaishia pale stelingi ananing'inia kwenye jabali, ukitaka kujua zaidi urudi kesho kwa pati tu, ile ya pili. Nikaona ah, kumbe kuna pati tu. Nikabonyeza.

Mvua ile ile, daraja lile lile. Lori likaingia mtoni. Kisha stelingi akaibuka chini kwenye mawe, akakohoa, akatambaa, akatembea mpaka nyumbani na kugonga mlango wa mama yake.

"Huyo ni nani tena?" baba akauliza.

Sikujua. Mtafsiri wa banda hakubali kwamba hajui, angepigwa na viti. "Ni pacha wake," nikasema.

"Pacha? Na yeye pia alikuwa na lori?"

"Ni... walikuwa na malori mawili."

"Na hiyo shati iko ile ile? Mimi naona rangi ile ile inapita hapa." Akakaza yale macho yake meupe kwenye kioo. "Wewe mutoto, wewe nadanganya baba yako."

Wakati huo maandishi yakatokea kwenye kioo cheusi, na nikayasoma kwa sauti: mwisho huu ulipigwa, lakini haukutumika. Baba aliinamisha kichwa. Nilidhani amekasirika.

"Kwa hiyo walipiga mbili," akasema.

"Walipiga mbili."

"Na wakachagua ile ya kufa?"

"Ndiyo."

"Wajinga hawa." Kisha akafikiri kidogo, akatoa hukumu yake. Mwisho wa kweli ni ule wa kwanza, kwa sababu ndio ulioonyeshwa kwa watu, na kilichoonyeshwa kimeonyeshwa. Ule wa pili ni wa kubembeleza watoto. Mimi, ambaye ulimi wangu haujui kupumzika, nikasema kwamba huenda hata macho ya watu yana mwisho wa pili, ni mtu tu hajabonyeza. Akaniambia nisimtolee hotuba, hapa si msikitini, na nimpikie chai.

Lakini kiu ikawa imemwingia. Kila jioni niliporudi sokoni aliniuliza kama umeme upo. Tulipitia boksi zima tukitafuta miisho mingine, na tukagundua kwamba nyingi hazina, ila zina vipande vilivyokatwa: watu wanakula tu na kubishana, mwanamke anatafuta kiatu chini ya kitanda, wazee wawili wanacheza karata. Baba alivipenda kuliko filamu zenyewe. Alisema kwenye filamu watu wanakimbizwa mno, hawapati nafasi ya kukaa. Kwenye vipande vilivyokatwa wanakaa.

Siku moja akasema, "Kaka lazima asikie hii ya lori."

Sikutaka kwenda Bwera. Nilijua nitakalolikuta: baba mkubwa kwenye kitanda chake cha kamba, akisimulia tena vile madaktari walivyomharibu, na baba akirudi na ukaidi mpya. Na mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia. Lakini alikuwa ameshavaa kanzu safi na kofia, na deki ameifunga mwenyewe kwa kupapasa ndani ya kitenge changu kizuri kuliko vyote. Nikachukua diski, tukaenda.

Nyumba ya baba mkubwa iko nyuma ya maduka, si mbali na barabara inayokwenda mpakani. Yeye alifanya biashara ya samaki, akiwatoa Hamukungu ziwani na kuwauzia Wakongo siku za soko. Kuishi jirani na mpaka kulimpa Kiswahili chao, na anakitumia hata kwa ng'ombe. Mkewe alikuwa ametoka. Wale ndugu wawili walikaa kwenye mkeka, migongo ukutani, nyuso zimeelekezwa kwenye televisheni ambayo hakuna hata mmoja kati yao aliyeiona. Nilitamani kucheka.

"Ile kamyo iko na rangi gani?" baba mkubwa akauliza habari ya lori kabla sijaanza.

"Nyekundu, baba."

"Nyekundu ya namna gani?"

"Ya pilipili."

"Ah. Endelea."

Nilitafsiri siku hiyo vizuri kuliko siku zote. Walipiga makofi, walimwonya stelingi, walimtukana mhandisi wa daraja. Alipozama, baba mkubwa akasema haiko vile, stelingi hafi. Baba akacheka kicheko cha mtu aliyeficha zawadi, akaniambia nimwekee ule wa pili. Mlango wa mama ulipogongwa, baba mkubwa alisema alhamdulillahi kana kwamba aliyerudi ni wa ukoo wetu.

Vipande vilivyokatwa vya diski hiyo hatukuwahi kuviona, kwa kuwa nyumbani tulikuwa tumekimbilia filamu nyingine. Nikabonyeza. Kilikuwa kimoja, kifupi, hakina hata muziki. Fundi mzee anatoka chini ya lori jekundu akifuta mikono kwa tambara. Anamwambia stelingi breki zimekwisha, kipuri kiko njiani, asubiri siku chache. Stelingi anacheka, anamnyang'anya funguo, anaondoka. Fundi anabaki na tambara lake.

Baba akaketi wima. "Kumbe alijua!"

"Alijua," nikasema.

"Sasa kwa nini walikata hii? Hii ndiyo filamu yenyewe!"

Baba mkubwa alicheka kwanza. "Banakata juu inaonesha stelingi iko mujinga," akasema. "Nani atalipa kuona mujinga?" Kisha kicheko kikamwishia. Nje lori lilipita, likapita jingine. Alikuwa anapapasa ukingo wa mkeka kwa vidole.

"Hata ya mimi nilikata," akasema.

Hatukumwelewa.

"Munganga wa hospitali hakuniharibia jicho. Siku balifungua bandeji, niliona. Niliona mukono yangu hii. Niliona bibi yangu wa ndoa, nikamuambia, wewe, umezeeka, akanipiga na kitambaa." Akatabasamu kidogo. "Munganga alisema: funika jicho, weka dawa, usiiname, usibebe muzigo, usiingie mu vumbi. Kisha siku ya soko ikafika. Samaki yangu imefika, batu ya Kongo beko banangoja. Nikaona batanicheka na ile kifuniko ku jicho. Nikatoa. Nikabeba magunia. Jicho ikaanza kuuma, nikaweka majani. Nikaona haya kurudi kwa munganga. Wakati nilirudi, ilikuwa imeshaharibika. Nikaambia batu yote munganga ndiye aliniharibia. Ilikuwa mwepesi kusema."

Nilimtazama baba. Nilitegemea huruma, lakini uso wake ulikuwa umewaka.

"Na mimi?" akasema. "Mimi nakaa na giza miaka hii yote juu ya maneno yako!"

"Hukuniambia unataka kwenda kwa munganga."

"Sikutaka juu yako wewe!"

"Sasa mimi nitajua namna gani?"

Waligombana hivyo, kila mmoja akimkemea mwenziwe kidogo pembeni ya mahali alipokuwa hasa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilifunga mdomo bila kuambiwa. Nilikuwa na hasira pia. Nilifikiria ile lami, fimbo hewani, honi. Nilitaka kumwambia baba mkubwa maneno ambayo mtoto hamwambii mkubwa. Lakini nilimwona anavyopapasa mkeka, nikajua kwamba angeweza kabisa kuondoka duniani na kipande chake kimekatwa, na hakuna ambaye angekuja kujua. Badala yake alikitoa, mbele ya mdogo wake na mtoto wa kike.

Adhana ya alasiri ndiyo iliyowanyamazisha. Niliwaletea maji, wakatawadha, nikawaelekeza kibla. Baba mkubwa alisalisha kwa kuwa ndiye mkubwa, na baba, ambaye dakika chache nyuma alikuwa anamwita mwongo, akasimama ubavuni mwake, bega kwa bega, akamfuata. Walipotoa salamu, baba aligeukia upande wangu.

"Wale madaktari, bado naandikisha watu?"

"Wewe nilishakuandikisha," nikasema. "Siku ile ile ya nesi."

"Nilijua," akasema. "Wewe iko kama mama yako."

Walianza na jicho moja. Sitasema mengi juu ya siku ya upasuaji, maana niliipitisha kwenye benchi nikila kucha. Asubuhi iliyofuata nesi alifungua bandeji. Baba alipepesa, akaangalia dirisha, akaangalia mkono wake, kisha akaniangalia mimi. Aliniangalia kwa muda. Aliyemwona mara ya mwisho alikuwa binti asiye na mvi.

"Umezeeka," akasema.

Sikuwa na kitambaa cha kumpigia. Nilivuta ushungi wangu nikalia ndani yake, naye akanyoosha mkono moja kwa moja, bila kupapasa, akanishika bega.

Nyumbani nikawa afande. "Keti! Usiiname! Kifuniko!" Nilimwekea dawa kwa saa zake, nikamfungia mlango jua likiwa kali na upepo ukivuma. Wenzake wa zamani walipita kumtania juu ya kile kifuniko, na mmoja akamwita haramia. Baba aliwajibu kwamba wacheke watakavyo, yeye amekwishaona kipande kilichokatwa. Hawakumwelewa, naye hakuhangaika kuwaeleza. Akaniita, "Afande, saa ya dawa." Alirudi kwa daktari siku aliyoambiwa, akiwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Jicho lilipona safi, na la pili lilifuata.

Aliporuhusiwa kusafiri, hakwenda kwanza sokoni wala kwa wenzake. Alitaka Bwera. Deki ikafungwa tena kwenye kitenge, safari hii aliifunga akiiona, na bado alichagua kile kile kizuri.

Baba mkubwa alikuwa ameshasikia kwenye simu, lakini alimshika baba uso kwa mikono yote miwili kana kwamba anaweza kugusa jinsi yale macho yanavyofanya kazi. Wakakaa mkekani, migongo ukutani kama zamani. Mimi nikashika rimoti na kujiandaa kutafsiri. Baba akaniambia nipumzike. Leo anatafsiri yeye.

Kiingereza cha maandishi hakijui hata kidogo. Haikumzuia. Aliweka maneno yake mwenyewe vinywani mwa watu, akawapa majina ya utani ya madereva aliowajua, akamfanya mhandisi wa daraja aseme mambo ambayo siwezi kuyaandika. Lori lilipotokea, alikaza macho, kisha akaninong'oneza kwa masikitiko kwamba wala si jekundu sana, limepauka, rangi ya matofali. Kwa kaka yake akasema kwa sauti, "Nyekundu ya pilipili!"

"Ah," baba mkubwa akasema. "Endelea."

Mvua ikaja, watu wakapakiwa. Breki zikakataa, watu wakashushwa mmoja mmoja, na baba akawataja wote. Daraja likavunjika. Maji yakafunika lori, na mama akasimama ukingoni na shali lake. Baba alikuwa ameinama mbele, anaona kwa macho yake mwenyewe ule mwisho aliouhukumu kuwa ndio wa kweli.

Baba mkubwa alijua kinachoendelea, alishaisikia yote kutoka kwangu. Hata hivyo akauliza, akitazama pasipo kitu, "Sasa amekufa?"

Baba alitazama maji kwenye kioo. Kisha akageuka akamtazama kaka yake.

"Bado," akasema, na bila kunitazama akaninyooshea kiganja nimpe rimoti. "Bado, kaka. Ngoja kidogo."